Kitambaa cha Chumvi

Kidari cha ng'ombe ni nyama ya mtu asiye na haraka, na asubuhi ile Sisimizi hakuwa na haraka wala nguvu ya kuwa nayo. Alifika jikoni saa kumi na mbili, kichwa kizito kama gunia la maharage yaliyolowa, miguu ikimfuata kwa kulazimishwa. Ilikuwa siku ya tatu ya homa na siku ya tatu ya vidonge. Homa yenyewe ilishaanza kushuka, lakini vidonge vilikuwa vimemharibia ulimi. Chai ilikuwa shubiri, mkate shubiri, hata maji ya bomba yalikuwa shubiri.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kunung'unikia tu. Kwa Sisimizi lilikuwa hatari, maana ulimi wake haukuwa wake peke yake.

Jiko lile lilikuwa la kantini ya kiwanda cha sabuni. Lilikuwa na madirisha mawili ya juu, meza moja ndefu ya bati, majiko manne na oveni kuukuu ambayo mlango wake haukufunga mpaka upigwe goti. Siku za kuchemsha sabuni ya ndimu, harufu iliingia mpaka ndani ya wali, na wafanyakazi walitaniana kwamba ukila hapo huna haja ya kuoga. Mpishi mkuu alikuwa dada mkubwa wa marehemu mama yake Sisimizi. Ndiye aliyemlea, akamsomesha madarasa machache aliyoweza, kisha akamwingiza jikoni. Sisimizi alimwita mama mkubwa, kama ilivyo haki yake, na jiko zima likaiga, hadi msimamizi mwenye tai naye akawa anamwita Mama Mkubwa, ingawa kwa umri angeweza kuwa kaka yake. Jina la Sisimizi lenyewe lilitoka kwa mwosha vyombo, mama mmoja mnene aliyeitwa Redio kwa sababu zisizohitaji kuelezwa. Redio alisema binti huyu hupita kandokando ya ukuta siku zote, na siku zote amebeba kitu.

Na kweli alikuwa amebeba. Mwaka na nusu uliopita Mama Mkubwa aliugua homa kali, akalala wiki tatu. Alipoinuka, kila kitu kilirudi mahali pake isipokuwa ladha. Chumvi na sukari kwake zikawa mchanga mmoja. Hakusikia harufu ya kitunguu kinachoungua wala ya maziwa yaliyochacha. Alimwambia mtu mmoja tu, naye ni Sisimizi, usiku wa kwanza aliporudi kazini, akiwa amekaa kitandani anajikanda miguu. Mpishi asiyeonja hana kazi mbele ya jiko, alisema, wataniweka kwenye karai la vyombo au watanirudisha nyumbani, na mimi nyumbani nitamtazama nani. Kesho yake Sisimizi alisimama karibu na sufuria, akaonja mchuzi, akagonga mwiko kwenye ukingo mara moja. Mara moja maana yake bado. Mara mbili maana yake acha, imetosha. Tangu siku hiyo wakawa watu wawili wenye ulimi mmoja, na hakuna aliyejua.

Sasa ulikuwa umebaki muda wa miezi sita Mama Mkubwa astaafu. Miezi sita si mingi. Lakini kwa Sisimizi kulikuwa na jambo jingine, alilolibeba wiki mbili kama mtu mwenye yai mdomoni. Mwanamke mmoja mwenye tanuri la mikate, mtaa wa tatu kutoka kiwandani, alikuwa amemwona anavyokanda unga wa maandazi ya chai, akamtaka kazini. Sisimizi alipenda unga. Unga hauulizi maswali, ukiukanda vizuri unaumuka, usipoukanda vizuri unakaa vilevile, basi. Yule mwanamke alimpa hadi Ijumaa, saa kumi alasiri, asipofika atachukua mtu mwingine. Ijumaa ilikuwa leo, na Mama Mkubwa alikuwa hajaambiwa neno.

Leo pia ilikuwa siku ya kumuaga fundi mitambo. Mzee huyo alikuwa ameyatengeneza matanki ya sabuni tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na alipoulizwa angependa kula nini siku yake ya mwisho, hakuomba keki wala soda. Alisema anataka kidari cha Mama Mkubwa chenye matunda, kile alichopika mwaka walipoletewa mashine mpya, nyama aliyoila bila kisu na siku ya pili bado alikuwa anailamba vidoleni. Msimamizi akaliandika ombi hilo kwenye karatasi, akalibandika mlangoni pa jiko, kana kwamba Mama Mkubwa angeweza kusahau.

Vidari vilikuwa viwili, vipana kama vitabu vilivyofunguliwa, kila kimoja na tabaka la mafuta upande wa juu. Sisimizi alivipangusa kwa kitambaa kikavu, akavilaza kwenye sufuria pana ya chuma, akachota chumvi kwa kiganja na kuisugua kila upande, mpaka kwenye mikunjo. Alipofika mwisho kikohozi kikamjia cha kumkata mbavu. Akakimbilia nje asije akakohoa juu ya nyama ya watu, akasimama ukutani mpaka kifua kikatulia, akanawa mikono na uso. Aliporudi alianza kumenya nanasi.

Ilikuwapo desturi katika jiko lile, ya zamani kuliko ugonjwa wa Mama Mkubwa. Mikono ilikuwa mingi, na siku moja watu watatu walitia chumvi sufuria moja ya maharage, kila mmoja kwa nia njema. Tangu hapo, aliyetia chumvi alitoa msumarini ukutani kitambaa kimoja cha buluu, kati ya vilivyochanwa kwenye aproni kuukuu, akakifunga kwenye mkono wa sufuria. Ukiona kitambaa, usiguse chumvi. Usipokiona, tia. Ikienda ovenini, kitambaa kinahamia kwenye mpini wa mlango.

Mama Mkubwa aliingia akivuta mguu wa kushoto, uliokuwa umevimba tangu juzi. Akatazama mikono ya sufuria, wa kulia na wa kushoto. Haikuwa na kitu. Nyama ilikuwa inang'aa kwa unyevu, chumvi yote imeshayeyuka ikanywewa. Akachota chumvi kwa kiganja chake, ambacho ni kipana kuliko cha Sisimizi, akasugua. Akatia pilipili manga na vitunguu saumu vilivyopondwa. Akakaanga upande wa mafuta mpaka ukawa rangi ya mkate ulioiva, akageuza, akamwaga vitunguu na maji ya moto hadi nusu ya nyama, akafunika na kufunga kingo kwa foili. Akafunga kitambaa cha buluu kwenye mpini wa oveni, akaupiga mlango goti. Ilikuwa saa moja na nusu.

Akamwambia Sisimizi kwamba sasa ni kazi ya moto, sisi tukae mbali. Lakini kukaa kwenyewe hakukuwapo, kwa kuwa wafanyakazi mia mbili walikuwa wanangoja chai.

Rojo la matunda Mama Mkubwa alilipika mwenyewe, kwa macho na masikio. Alitia nanasi kwanza na kulichemsha sana, kwa sababu nanasi bichi lina meno, ukilipaka kwenye nyama linaitafuna mpaka inakuwa uji. Kisha tende zilizotolewa kokwa, maji ya machungwa, tangawizi, siki kidogo. Alisikiliza mchemko. Ukiwa mwepesi unapiga kelele kama watoto wanaocheza, alimfundisha Sisimizi zamani, ukiwa mzito unasema neno mojamoja kama mtu mzima. Alipoinua kijiko, rojo likadondoka taratibu, likakatika. Akamtazama Sisimizi, akingoja kugongewa.

Sisimizi alionja. Shubiri. Akasimama na mwiko mkononi, hajui agonge mara ngapi.

"Ulimi bado?" Mama Mkubwa aliuliza kwa sauti ya chini.

Sisimizi aliitikia kwa kichwa. Mama Mkubwa akasema haidhuru, rojo hili ameshalipika mara nyingi, mkono unalijua. Lakini alisema hivyo akitazama kwingine.

Ilipofika saa nne pua ilimwasha Sisimizi, akatia mkono mfukoni mwa aproni kutafuta leso. Kilichotoka hakikuwa leso. Kilikuwa kitambaa cha buluu.

Alikiangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akatazama mpini wa oveni, akaona kile kingine kimefungwa, kizuri, fundo la Mama Mkubwa lenye masikio mawili. Akapita kandokando ya ukuta mpaka kwenye jiko la mwisho, Mama Mkubwa alikokuwa anachuja mchele.

"Mama mkubwa. Nyama uliitia chumvi?"

"Niliitia. Sikuona kitambaa."

Sisimizi akafungua kiganja.

Alingoja kugombezwa. Angependa kugombezwa, ingekuwa nafuu. Lakini Mama Mkubwa alikitazama kile kitambaa kama mtu anayesoma barua ambayo alijua siku moja itafika. Akafuta mikono. Akaenda ovenini, akaitoa sufuria, akafunua foili upande mmoja. Mvuke ulitoka, akauweka uso wake ndani yake kwa mazoea, kisha akakumbuka kwamba haukuwa na la kumwambia. Nyama ilikuwa inaanza kulegea. Uma uliingia kwa kusitasita, kama mgeni mlangoni. Akachota mchuzi, akanywa, akaushikilia mdomoni. Akampa Sisimizi, naye akanywa. Mmoja alisikia moto tu, mwingine alisikia uchungu tu. Kati yao wawili, chumvi ilipita bila kuulizwa.

Sisimizi alisema kwa kunong'ona kwamba wamwage mchuzi, watie maji mengine. Mama Mkubwa akasema ndiyo, lakini kiasi gani, mara ngapi? Ukimwaga kidogo, mzee atakula magadi. Ukimwaga sana, atakula kitambaa kilichofuliwa. Anayejua ni ulimi, akasema, na hapa hatuna.

Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kabla ya chakula cha mchana kutoka. Alikaa. Alivuta debe tupu la mafuta, akakaa juu yake, mguu uliovimba mbele, mikono magotini. Sisimizi alimwona usoni kitu alichodhani ni hofu. Kumbe haikuwa hofu. Alikuwa amechoka tu, amechoka kama mtu aliyeegemea mlango mwaka mzima usifunguke, na sasa mikono imekataa.

"Redio," aliita. "Acha hivyo vyombo. Njoo unionjee."

Redio aligeuka, povu mpaka viwikoni. Katika jiko lile hakuna aliyeonja kwenye sufuria ya Mama Mkubwa isipokuwa mpwa wake. Alidhani anataniwa, akasema yeye huonja sahani zikirudi, za kwenda si zake.

"Sikutanii. Mwenzangu huyu ana homa, kila kitu kwake kichungu. Na mimi sisikii ladha. Tangu ule ugonjwa. Chumvi, sukari, sabuni, kwangu mamoja."

Sisimizi aliutazama ukuta. Kati ya watu wote wa kiwanda kile, siri ilikuwa imekabidhiwa Redio, ambaye habari ikimwingia sikio la kulia haifiki la kushoto, inatokea mdomoni. Na hapo Redio alifungua mdomo kweli, akaanza na mficha maradhi.

"Onja kwanza," Mama Mkubwa akamkatiza. "Methali baadaye."

Redio akapangusa mikono, akachukua kijiko, akaonja. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, alikaa kimya. Alikwenda bombani akanywa maji, akajaza kikombe tena akanywa.

"Mama Mkubwa," alisema alipopumua, "humu hata samaki wa bahari angeomba maji."

Mama Mkubwa alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha puani, lakini Sisimizi hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia.

Wakaanza kazi. Mchuzi wote ukamwagwa, nyama ikamwagiwa maji ya moto, ikarudishwa ovenini. Kila nusu saa sufuria ilitolewa, na Redio aliitwa kutoka kwenye karai. Sisimizi alikuwa amezoea kugonga mara moja au mara mbili. Redio hakujua kugonga. Yeye alisimulia. Alisema sasa ni chumvi ya machozi, si ya bahari tena. Alipoonja tena alisema chumvi imekaa nyuma ya ulimi kama mtu anayechungulia mlangoni, aingie au asiingie. Maji yakabadilishwa mara ya pili, na saa sita kasoro alisema nyama imepata akili, sasa unaisikia nyama yenyewe, halafu kitunguu, halafu chumvi inakuja nyuma yao imebeba mizigo.

"Ehe," Mama Mkubwa alisema, macho ameyafumba. "Na rojo?"

Redio akachovya kidole. Akasema tamu, tamu sana, utamu wa harusi ya watu wenye kujionyesha. Mama Mkubwa akaongeza siki kidogo na maji ya machungwa. Redio akasema sasa bibi harusi ameanza kulia. Akaongeza tena kidogo. Redio akalamba, akangoja, akasema hapo, usiguse, limekuwa kama nanasi lililoiva upande mmoja, ule upande wa jua, na upande wa pili bado una ukali wake.

"Ehe," Mama Mkubwa akasema tena. "Nimelipata."

Sisimizi alikuwa anasikiliza huku anakata mkate. Alifurahi, na ndani ya furaha kulikuwa na kitu kinachochoma. Mwaka na nusu alikuwa amempa mama yake mkubwa kugonga, mara moja, mara mbili, akadhani ametoa kila kitu. Haikuwahi kumjia kwamba mtu aliyepoteza ladha angependa kusimuliwa. Yeye angeyatoa wapi maneno hayo? Lakini angeweza kujaribu mawili matatu.

Saa sita na nusu Mama Mkubwa aliipaka nyama rojo kwa brashi, akairudisha bila kifuniko, moto juu. Akapaka tena. Akapaka mara ya tatu. Ilitoka ikiwa rangi ya meza ya mninga iliyopigwa vanishi, kingo nyeusi kidogo, rojo likitokota kwa neno mojamoja. Akaipumzisha, akaikata kukingama nyuzi zake. Vipande viliinama kwenye kisu, vikaanguka kwa uzito wao wenyewe.

Fundi mitambo alikula bila kisu. Hakusema maneno mengi. Hotuba ya msimamizi ilikuwa ndefu, na mzee alitumia muda huo vizuri. Alipomaliza alichukua kipande cha mkate, akafuta sahani kwa namna ambayo Redio alisema baadaye ilimwibia kazi. Kisha akaomba sahani ya pili ampelekee mkewe, na watu wakasema mkewe hataiona.

Msimamizi aliingia jikoni kushukuru. Sisimizi alijibana kwenye ukuta. Alijua Redio ataanza wakati wowote, na Mama Mkubwa naye alijua, kwa hiyo alimtangulia. Alimwambia msimamizi yote, akiwa ameketi kwenye debe lake, bila kupamba: homa, ulimi, mwaka na nusu, mpwa wake aliyemwonjea, na leo Redio. Alisema akiona inafaa kumpeleka kwenye vyombo, ampeleke, yeye miguu yake haina tena nguvu ya kuogopa.

Msimamizi alilegeza tai. Kwenye ncha yake kulikuwa na tone la rojo. Aliuliza kama maharage ya Jumanne yalipikwa hivyohivyo. Akaambiwa ndiyo. Na pilau ya mwezi uliopita? Ndiyo.

"Nashukuru sikujua," alisema. "Ningekula kwa wasiwasi mwaka mzima." Akafikiri kidogo, akisugua lile tone likazidi kuenea. Akasema miezi sita ni michache, abaki pale alipo, ila lazima awepo mtu wa kuonja anayejulikana, na chakula kisitoke bila mtu huyo kusema ndiyo. Redio akasema yeye yupo tayari. Msimamizi akamjibu kwamba kusema ndiyo ni neno moja tu, je, ataliweza?

Walipobaki wawili, Sisimizi aliikokota ile sufuria ya chuma hadi kwenye karai, akaanza kukwangua rojo lililoshika kingoni. Homa ilikuwa imempanda tena kidogo. Aliongea akiwa amempa Mama Mkubwa mgongo, kwa sababu mbele ya uso wake asingeweza.

"Mama mkubwa, nimeitwa kwenye mikate. Pale kwenye tanuri. Wanataka jibu leo."

Nyuma yake debe likalia, mtu mzito akiinuka.

"Leo saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Na sasa ni saa ngapi?"

Sisimizi alitazama saa ya ukutani. "Saa tisa na nusu."

"Basi unafanya nini na sufuria yangu?"

Mama Mkubwa alimnyang'anya kikwanguo. Hakumkumbatia, si mtu wa kukumbatia. Alimvua aproni kwa kuvuta fundo la nyuma, akaichunguza mfukoni, akatoa kile kitambaa cha buluu na kukitundika kwenye msumari wake. Kisha akatoa kipande cha kidari alichokuwa amekificha chini ya bakuli, akakifunga kwa foili mara mbili na kumtia mkononi. Kilikuwa bado na joto.

"Usikile leo, utakitukana bure," alisema. "Ngoja ulimi upone. Halafu uje uniambie kilikuwaje."

"Nitakuja."

"Uniambie kwa mdomo. Usije ukanigongea meza."

Sisimizi alitoka kwa mlango wa nyuma, amebeba kitu, kama kawaida yake. Njia ya kwenda kwenye tanuri ilikuwa ya mteremko. Alitembea polepole kwa ajili ya homa, katikati ya barabara, akijaribu kimoyomoyo maneno mawili matatu ya nyama ambayo alikuwa bado hajaionja.